Hapa Hatupigi Makofi

Wewe uliyeitwa shuleni ukaambiwa mtoto wako ni bubu, na asubuhi hiyohiyo ulikuwa umemwomba anyamaze kidogo upate kupumua, sogea hapa. Haya ni yako. Nimengoja mambo yatulie ndipo niandike, na hata sasa nikianza tu mikono inaniwasha kwa furaha, kwa hiyo nikirukaruka utanisamehe.

Jina langu ni Boke. Nilizaliwa upande wa Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, nikaolewa kisiwani Mfangano na Ouma, fundi wa injini za boti. Wanawake wa hapa huniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na wakiniita hivyo huwa wameshaanza kucheka, maana wanajua nitajibu. Mimi nina mdomo. Kazi yangu ni kukausha omena, dagaa wa ziwani, na kuuza, na katika biashara hiyo mnyamavu hurudi nyumbani na karai lake limejaa.

Mtoto wetu ni Achieng. Ana miaka minane, na mdomo wake ni wangu mtupu, hakuna haja ya kuuliza mama ni nani. Nyumbani huongea nami Kiswahili, huongea Kidholuo na bibi yake, yaani mama yake Ouma, ambaye sote tunamwita Dana kama mtoto anavyomwita, na kuku huwasemesha kwa lugha zote mbili. Akioga anaongea. Akila anaongea. Mtume chumvi dukani na pesa mkononi, atarudi na chumvi na maelezo ya kila mbuzi aliyemwona njiani.

Basi fikiria siku niliyoitwa na Madam Risper, mwalimu wake wa Gredi ya Pili.

"Mama Achieng, keti," akaniambia. "Huyu mtoto tangu shule ifunguliwe hajatamka neno."

"Neno gani?"

"Neno lolote."

Nilicheka, jameni. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikatoa simu nikamwonyesha video, Achieng akimfokea jogoo aliyekanyaga ugali wake. Madam Risper akaitazama yote, akanirudishia simu polepole.

"Hapa naona mgongo tu," akasema. "Sauti inaweza kuwa ya mtoto mwingine."

Hapo kicheko kikaisha. Nilitoka nimefura, nikazunguka nyuma ya darasa nichungulie dirishani. Achieng alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, uso umekauka kama picha ya kitambulisho. Mwalimu aliita majina. Lilipofika lake, nikaona shingo yake ikikaza, mishipa ikasimama, na kifua kikabaki juu bila kushuka. Nikaita kwa sauti ndogo, "Achieng!" Macho yakanijia. Midomo haikuja. Siyo kiburi kile, na siyo utundu. Nilijua pale pale kwamba mtoto wangu anaumwa, na sikujua ugonjwa wenyewe unaitwaje.

Mwili wake ndio ulioanza kusema. Mtoto asiyeweza kuongea hawezi kuomba ruhusa ya kwenda choo. Achieng alikuwa akibana mkojo kutoka asubuhi mpaka arudi nyumbani, akipita mlangoni mbio bila salamu, mfuko wa vitabu ukiruka. Kisha akagundua dawa yake mwenyewe: asubuhi akaacha kunywa maji, akaacha uji. Midomo ikapasuka. Sketi ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni, nikaikaza kwa pini. Mwishoni ikaja homa na maumivu chini ya kitovu, tukavuka naye kwenda hospitali ya bara.

Kama umewahi kukaa kwenye benchi ile unaijua. Namba mkononi, televisheni ukutani inayoonyesha watu wakicheza bila sauti, na kila mlango ukifunguliwa wote mnanyanyuka nusu. Nesi akamuuliza Achieng, "Unaumwa wapi, mrembo?" Kimya. Akamuuliza tena kwa Kidholuo. Kimya. Akanigeukia, "Mama, huyu anasikia kweli?" Wakampima masikio. Mazima kabisa! Tulirudi kwenye benchi ile mara nyingi, kwa mkojo uleule, dawa zilezile. Lakini na wema upo. Kulikuwa na mama mmoja wa kufagia ambaye safari ya pili alimtazama tu Achieng alivyokuwa anapishanisha miguu, akamshika mkono bila swali, akampeleka choo chenye komeo na kumsubiri nje akiimba. Sikupata hata jina lake. Kila nikiona ufagio wa chelewa namwombea.

Nyumbani kukawa moto. Ouma hakuamini. "Huyu? Haongei? Hiyo ni adabu, Mama Achieng, mwalimu ashukuru." Nikamwambia nenda ukamwone. Akasema ana injini ya mtu mezani. Nikamwambia injini inaongea shuleni kwa niaba ya mtoto? Tukalala tumepeana migongo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika. Dana yeye alisema mtoto ana jina la marehemu shangazi yake, na shangazi huyo hakupenda kelele, basi labda anamziba mdomo. Akampeleka kwa akina mama wa kanisa wakamwombea mpaka nguo ikalowa maji ya baraka. Mama yangu mzazi naye akapiga simu kutoka Migori: "Mlete huku, kuna mzee anakata kamba ya ulimi." Nikamwambia, "Mama, huyu kamba ya ulimi ikikatwa zaidi ya ilivyokatika, nani atalala hapa nyumbani?"

Nilitania hivyo, lakini nilikuwa naogopa. Muhula wa kwanza ulipoisha, mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwa upole kwamba yeye hana uwezo na mtoto kama huyo. Kabla muhula wa pili haujafungwa atakuja afisa wa elimu kumpima, na akithibitisha kwamba haongei, Achieng atahamishiwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali bara. Sisemi vibaya juu ya shule hiyo, kuna watoto wanaoihitaji. Wangu anasikia jirani akifunua sufuria! Nilimwona katika akili yangu amelala kwenye kitanda cha chuma kati ya watu asiowajua, mkojo umembana, hana wa kumwambia. Nilitembea mpaka ziwani nikakaa kwenye wavu wangu mtupu. Ilikuwa ndiyo miezi ambayo serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazae, hakuna kazi, na mtu asiye na kazi hulia vizuri zaidi.

Sasa sikiliza mambo yalivyogeuka.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, shule ikaletewa tableti. Moja tu, na betri ya sola ya kuichaji. Madam Risper akapelekwa bara kufundishwa, akarudi anang'aa. Alisema kupitia kioo kile mtoto anaweza kuonana na daktari wa watoto wenye shida za hofu, huzuni na tabia, daktari akiwa hospitalini kwake mjini na mtoto akiwa hapahapa shuleni. Hakuna boti, hakuna benchi. Nikamwuliza, "Na daktari anatuona?" Akasema anatuona. Nikaanza kucheza dansi ofisini.

Lakini sisi watu wa huku, ukituambia daktari anakuja, hata kwa kioo, huyo ni mgeni. Na mgeni hupokewa! Siku ya kwanza chumba cha vitabu kilifagiliwa, meza ikavikwa kitambaa cha kufumwa, juu yake maua ya plastiki. Tableti ikaegemezwa kwenye kreti ya soda. Mwalimu mkuu alivaa tai. Mwenyekiti wa wazazi alikuja na kofia yake ya mikutano, mchungaji akaja na Biblia, Dana akaja na mashoga zake wawili. Achieng nilimvalisha gauni la Krismasi, soksi nyeupe, nikampaka mafuta mpaka akateleza. Tukampandisha kwenye kiti katikati yetu.

Kioo kikawaka. Daktari Nekesa akatokea, mwanamke wa makamo mwenye miwani na shati la maua. Kabla hajamaliza kusema hamjambo, mchungaji akafunga macho akaanza sala. Sala ikafuatwa na hotuba ya mwalimu mkuu, historia ya shule na upungufu wa vyoo. Mwenyekiti akamkaribisha daktari kisiwani na kumwahidi samaki. Mashoga wa Dana wakapita mmoja mmoja mbele ya kioo kumpungia na kumwamkia, "Oyawore, Daktari! Oyawore!" Daktari wa watu akawa anaitikia tu. Ilipofika zamu ya mgonjwa, mwalimu mkuu akasema, "Haya Achieng, msalimie daktari." Macho yote kwake. Nikaona ile mishipa ya shingo. Nikaona matone yakidondoka kutoka ukingo wa kiti, kwenye soksi nyeupe.

Daktari akasema neno moja zito: "Inatosha." Kisha akasema kwa upole, "Achieng, hujakosea kitu. Wiki ijayo tutakuwa wachache." Mtandao ukakata.

Jumatatu yake alimpigia Madam Risper, Madam akaniita. Daktari hakunifundisha vitabu. Alisema Achieng hajakataa kuongea. Hofu humkaba koo akitazamwa, na mtu aliyekabwa huwezi kumwamuru aimbe. Akaniuliza, "Nyumbani, akiwa na wewe peke yenu, kitu gani kinamfanya apige kelele bila kukusudia?"

Sikufikiri hata kidogo. "Ajua, Daktari."

Ajua ni mchezo wetu wa mawe na vishimo, jamaa wa bao. Ouma alimfundisha Achieng kabla hajaota meno ya mbele, na mtoto huyo hushinda watu wazima. Daktari akasema, "Basi Jumamosi, shule ikiwa tupu, njooni nyinyi wawili mcheze. Mimi nitakuwepo kwenye kioo, lakini nitafunika kamera yangu. Mwambie nipo. Usimfiche."

Nikamwambia. Achieng akaitazama tableti iliyokaa dirishani kwa jicho la pembeni kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Tukachimba vishimo kwenye udongo wa sakafu ya chumba kile cha vitabu, tukaanza. Alicheza kimya, akininyooshea kidole tu. Nami nikafanya ninavyofanya nyumbani kila siku: nikaiba. Jiwe moja chini ya paja.

"Mama, unaiba!"

Sauti nzima! Ndani ya ukuta wa shule! Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akaganda. Mimi pia nikaganda. Na kutoka kwenye kioo cheusi ikaja sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayechambua mboga: "Na mimi nimesikia jiwe likiingia chini ya kitenge."

Achieng akacheka. Bila sauti, mabega tu, lakini alicheka. Nikarudisha jiwe, tukaendelea.

Oyee! Nilirudi nyumbani nikamwamsha Ouma usingizini mchana ule. Akakaa kitandani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo shuleni kweli haongei." Ndiyo kwanza aliamini. Akalia, mwanamume mzima, grisi kwenye vidole. Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayebeba betri ya sola na kuikagua, na ikishindwa anaifungua na kuifunga mpaka iwake.

Jumamosi zikaanza kufuatana na mvua ikawa inapungua. Daktari akafunua kamera, akacheza nasi: anaonyesha vidole kwenye kioo, Achieng anamchezea mawe yake. Kisha Achieng ananinong'oneza, nami napeleka neno. Kisha ananong'ona akitazama ukuta. Madam Risper naye aliletwa kidogo kidogo, kwanza akifagia uwanjani, baadaye akikaa kwenye ngazi na chai yake, halafu mlangoni amegeuza mgongo. Siku Achieng alipomwambia daktari moja kwa moja, "Zamu yako," Madam Risper alikuwa ndani, anapanga vitabu vilivyokwisha pangwa. Mgongo wake ulikuwa unatingishika. Na mtoto akaanza kunywa uji asubuhi, kwa maana walipatana na mwalimu kwamba akiweka kokoto juu ya dawati, huo ni mlango wa choo, hakuna kuuliza. Pini ya sketi nikaitoa.

Halafu Dana akaja.

Simlaumu, na wewe usimlaumu. Kanisa liko ukuta kwa ukuta na shule, na Jumamosi ile kwaya ya akina mama ilikuwa mazoezini. Dana alitoka kupunga upepo, akapita chini ya dirisha letu, akasikia mjukuu wake akimwambia daktari, tena kwa sauti ya kusikika, "Hapana, hilo shimo halina kitu." Wewe ungefanyaje? Aliachia kigelegele kilichowatawanya kuku wa mwalimu mkuu. "Ameongea! Nyathina, mtoto wangu, ameongea!" Kwaya nzima ikaja mbio, ngoma na kayamba, wakajaa chumbani, wakamnyanyua Achieng juu wakampitisha mkono kwa mkono wakiimba. Nilipiga kelele waache, nani anasikia? Nilipompata uso ulikuwa ule wa kitambulisho.

Akanyamaza. Si shuleni tu sasa, hata nyumbani. Kuku wakamfuata uani wakingoja kutukanwa, wapi! Nyumba yetu haijawahi kuwa na kimya kile, ungesikia mchwa wakila mlango. Dana aliacha kula. Akakaa nje ya nyumba yake na kanga kichwani. Nami nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe, nikajua siku za afisa zinakuja na sisi tumerudi nyuma ya pale tulipoanzia.

Daktari Nekesa hakukasirika. Aliomba aongee na Dana mwenyewe, kwenye kioo, peke yao wawili na mimi wa kutafsiri.

"Mama," akamwambia, "furaha yako ni kubwa na ni ya haki. Lakini kwa Achieng ile ni sawa na kutazamwa na watu mia. Akiongea, mpe zawadi moja tu: fanya kama hakuna kilichotokea."

Dana akaniuliza kwa Kidholuo kama nimetafsiri sawasawa. Nikasema ndiyo. "Nyar Kuria," akasema, "mtoto azaliwe, tunapiga. Mtu aolewe, tunapiga. Hata samaki akiwa mkubwa tunapiga. Sasa mtoto amepewa sauti, ninyamaze?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo ndiyo dawa?"

"Ndiyo dawa."

Akavuta pumzi. "Chungu," akasema. Kisha akainuka, akajifunga kanga, akatoka.

Alienda nyumba kwa nyumba! Mwanamke yule yule! Akapita kwenye kwaya, akapita kwa mwenyekiti, akapita ufukweni kwa wavuvi. Sheria yake ilikuwa fupi: mtoto wa Ouma akiongea, asiongee mtu. Mchungaji alitangaza kanisani kwamba Bwana husikia pia shangwe ya moyoni. Achieng akipita njiani ungeona watu wazima wakikazia macho viatu vyao. Madam Risper akaleta ajua darasani, watoto wote wakacheza wakati wa mapumziko, na akawafundisha kwamba mwenzao akisema kitu cha kwanza, wamjibu kama wanavyojibiana siku zote. Watoto walielewa upesi kuliko sisi.

Na sisi Jumamosi tukaanza upya. Kidole. Mnong'ono. Ukuta. Mara ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, nakuambia hilo kwa sababu na wewe utarudi nyuma, na utadhani umeangukia shimoni. Hapana, njia unaijua tayari. Nyumbani kuku wakaanza kutukanwa tena. Lakini mbele ya darasa zima bado alikuwa hajafungua kinywa.

Ziwa likafunguliwa. Omena ya kwanza ikaja, ufukwe ukajaa fedha, na afisa wa elimu akashuka kwenye boti asubuhi hiyohiyo, mwanamume mpana mwenye mkoba na uso mwema. Niliacha omena zangu kwenye wavu bila kuzigeuza. Mimi na Dana tulisimama nyuma ya darasa, nje ya dirisha. Madam Risper aliweka tableti kwenye meza yake, Daktari Nekesa ndani.

Afisa akachuchumaa mbele ya dawati la Achieng. "Hujambo. Jina lako nani?"

Kimya. Shingo. Nilifumba macho.

Akauliza tena, akiwa na subira, siwezi kumsema vibaya. Akauliza mara ya mwisho. Akanyanyuka, akafungua mkoba, akasema kwa mwalimu mkuu, "Nafikiri tumeona." Nilishika ukingo wa dirisha.

"Bwana Afisa," ile tableti ikasema, "umemuuliza kama mgeni. Tafadhali usimuulize tena. Kunywa chai hapo nyuma mpaka mapumziko, umwangalie bila kumwangalia."

Akasita. Mungu amzidishie, akakubali. Alikuja kusimama karibu na dirisha letu, kikombe mkononi, uso ameelekeza kwenye ramani ya Kenya. Kengele ikalia. Watoto wakavuta mawe yao. Achieng alikaa na Lavenda, jirani yake wa dawati, mtoto mwenye mashavu na ujanja mwingi. Wakacheza. Nilihesabu pumzi zangu. Lavenda akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka jiwe chini ya paja.

"Lavenda, unaiba! Rudisha."

Darasa zima lilisikia. Mimi nilisikia. Ziwa lilisikia! Niliingiza pembe nzima ya leso mdomoni nikauma. Na wale watoto, walahi wale watoto, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wengine waliinamia mawe yao mpaka pua zikagusa vumbi. Madam Risper akaanza kuandika ubaoni tarehe ambayo ilikuwa tayari imeandikwa. Na Lavenda, ambaye nina deni la kumpenda mpaka nife, akakuna kichwa akasema, "Sawa basi. Nimerudisha. Cheza."

"Umerudisha moja. Ulichukua mawili."

Afisa alikuwa ameweka kikombe chini. Uso wake wote umefunguka, mikono yake miwili ikapanda, ikatengana, tayari kabisa kupiga. Dana akaingiza mkono dirishani akamkamata kifundo.

"Hapa hatupigi makofi," akamnong'oneza, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Achieng hakuandikiwa shule ya bweni. Atabaki kwa Madam Risper, na daktari ataendelea kuja kwenye kioo, na bado kuna siku kokoto ndiyo humsemea mchana kutwa na hakuna neno. Hajapona kama mtu anavyopona malaria. Lakini wewe uliye kwenye benchi na namba mkononi, uliza kama shule yenu ina chumba kama kile. Na kama kipo, ondoa maua ya plastiki, ondoa mwenyekiti, acha mchungaji aombee nyumbani kwake. Mwachie mtoto nafasi.

Jioni ile tulikula omena mpya. Tulikuwa tumekubaliana na daktari, hakuna kusema lolote, kwa hiyo tukawa tunatafuna tu, Ouma ameinamia sahani, Dana anameza ugali kama vidonge, mimi midomo inaniuma kwa ile leso. Achieng alitutazama mmoja mmoja.

"Mbona leo hamuongei?" akauliza.

Ouma akapaliwa. Achieng akampigapiga mgongo, kisha akamgeukia bibi yake.

"Dana, ulisikia leo?"

Dana akanitazama. Nikatikisa kichwa: sijui. "Nilisikia," akasema kwa sauti ndogo.

"Na kigelegele?"

"Nimekiweka."

Achieng akafikiri huku anachambua vichwa vya omena. "Kitaoza," akasema. "Piga moja. Lakini toka nje kwanza."

Dana hakungoja kunawa. Alitoka na ugali mkononi, akasimama uani, jua likiwa linazama na boti za omena zinaondoka na taa zao, akaachia. Muhula mzima ulikuwa ndani ya kigelegele kile. Kutoka nyumba ya chini mtu akakidaka, na ya pili, kwaya yote ikaamka, ufukweni wakapokea, boti zikapunguza injini zikaitikia kwa mbinja. Mimi nikameza tonge nikajiunga. Achieng akakimbilia mlangoni, vidole masikioni, anacheka, akapaza sauti yake ikapita zetu sote, kisiwa kizima kikasikia:

"Dana! Nimesema moja!"